Kigoda cha Kona ya Kanisa

Elisifa alikuwa amechoka kuendesha pikipiki akiwa ameinama kama mtu anayepalilia. Kila siku alibeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare ya Kahe hadi kwake mlimani, na kila siku mgongo ulimshinda kwenye kona ya kanisa. Pale Bibi Anyesi, aliyeishi hapo konani, alikuwa akimtolea kigoda apumzike, huku akimwambia, "Pole, mwanangu. Pikipiki ni ya wanaume."

Neno hilo ndilo lililompeleka mjini, mtaa wa Pasua, kwa fundi pikipiki Given, kutafuta vyuma vya kuinulia usukani. Given akamfungia vile virefu kuliko vyote.

"Kaa hapo, mama. Si unaona raha?"

"Hiyo ni raha ya pikipiki tupu," alisema Elisifa. "Nifungie na mzigo wangu."

Furushi la majani lilipofungwa nyuma, lilimsukuma mbele hadi kwenye tangi, na usukani ukamjia kifuani. Alipoukata kulia, waya wa klachi ulikaza kama kamba ya mbuzi aliyeona mahindi. Given akacheka kwa aibu, akavitoa, akafunga vifupi. Elisifa akakata kushoto, akakata kulia. Waya ukalegea, mgongo ukanyooka.

Jioni pikipiki ilipanda mlima ikinguruma. Kwenye kona ya kanisa, Bibi Anyesi alikuwa ameshatoa kigoda.

"Shikamoo, bibi!" Elisifa alipaza sauti bila kupunguza mwendo. "Leo kikalie mwenyewe!"