Moto wa Harusi Kichochoro cha Wahunzi

Qiao Suping alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga tena Kichochoro cha Wahunzi mpaka aingie kaburini. Pale ndipo alipoolewa, na ndipo alipomzaa Jibin, mwanawe wa pekee. Kisha wakubwa wa Datong wakaona mji wao una moshi wa makaa ya mawe na hauna watalii, wakaamua kuurudishia ukale wake. Wakabomoa nyumba zilizokuwa kuukuu kweli, wakajenga nyingine za kujifanya kuukuu: matofali ya juzi, mapaa yaliyopinda pembe, taa nyekundu za plastiki. Mahali kilipokuwa kitanda cha Suping, kile cha udongo kinachopashwa moto kwa chini, sasa wanauza aiskrimu yenye ladha ya siki. Aiskrimu ya siki! Ukimtajia tu, anatema mate.

Na wa kwanza kutia saini ya kuhama alikuwa Geng Laisheng, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Alitia saini, kisha akapita mlango kwa mlango akiwalainisha wengine kwa maneno matamu, na shukrani yake ikawa kupewa kazi ya kukisimamia kichochoro kipya. Wote walihamishiwa ghorofa moja nje ya ukuta wa mji, na tangu hapo Suping na Geng walikuwa paka na panya, hata kwenye lifti hawakusalimiana. Basi fikiria Jibin alipokuja kusema kwamba amempenda Runmei, binti wa Geng huyo huyo.

Suping alinuna siku nzima. Jioni akasema, "Mwoe. Msichana hana kosa, kosa ni la aliyemzaa. Lakini mnara wa makaa utawaka, na utakuwa wa baba yako."

Kwa watu wa Datong, harusi bila mnara wa makaa si harusi. Vipande vya makaa ya mawe hupangwa mbele ya mlango, kimoja juu ya kingine, na kuni katikati, kisha maharusi huuzunguka ukiwaka. Moto huo hauzimwi. Huachwa ufe wenyewe, na anayeuzima ameizima ndoa. Dekui, marehemu mume wa Suping, alichimba makaa hadi mapafu yakamwisha, na kabla hajafa alichagua kwa mikono yake vipande vya harusi ya mwanawe, vikubwa na vyenye kung'aa. Suping alikuwa amevifunga blanketi na kuvilalia miaka yote, uvunguni mwa kitanda.

Tatizo ni kwamba kule ghorofani kuwasha makaa ni marufuku. Geng alikuja mwenyewe kulisema hilo, amesimama mlangoni, hakukaribishwa kiti.

"Dada Suping, dunia imebadilika. Nimeshanunua mnara wa umeme. Una feni ndani na vitambaa vyekundu, vinapepea hivi! Huwezi kujua kama si moto."

"Wewe ndiye hujui, maana macho yako uliyauza pamoja na nyumba yako. Mwanangu hazunguki feni."

"Mama, basi!" Jibin alipandisha sauti. "Mkiendelea hivi tutaandikisha ndoa kimyakimya, tuhamie Taiyuan. Tumechoka na ugomvi wenu."

Suping alimjua mwanawe, hakuwa mtu wa kutishia bure. Akienda Taiyuan, nani atabaki wa kumpikia tambi?

Geng akakohoa. "Kuna mahali pamoja tu wanaporuhusu makaa ya kweli. Kule kichochoroni kwetu."

"Kwetu! Huna haya hata kidogo, Geng."

Lakini alikwenda. Kiapo alikimeza kama dawa chungu. Siku ya harusi, mchana kweupe na baridi ikiuma masikio, aliupanga mnara kwa mikono yake mbele ya duka la aiskrimu, pale pale lilipokuwa lango lake. Moto ukashika. Makaa ya Dekui yakawa mekundu tangu chini hadi juu, na Runmei akauzunguka akiwa ameshikana mkono na Jibin, kisha akainama mbele ya Suping na kumwita Mama. Suping alilia bila kujificha. Kwa muda ule hakumchukia mtu yeyote.

Ndipo kipaza sauti kikalia juu ya paa. "Wageni wapendwa, hiyo ndiyo harusi ya kale ya Datong! Msiondoke, onyesho la pili linaanza!"

Mlango wa duka la aiskrimu ukafunguka, akatoka bibi harusi mwingine, wa kukodiwa, anatafuna bigijii. Nyuma yake akaja bwana harusi mwenye ndevu za gundi. Wakaanza kuuzunguka moto wa Dekui.

"Geng! Nini hii?"

"Aa, ndiyo sharti la kibali, dada. Leo hawakuwasha wao, wanatumia wetu. Kwani unapungua?"

Kando yao kulikuwa na ndoo ya maji ya tahadhari, imeanza kuganda barafu juu. Suping akainyanyua. Jibin akabadilika rangi.

"Mama, usiuzime! Nakuomba, usiuzime!"

Aliwatazama wale wawili wakizunguka, akautazama moto, akamtazama mwanawe. Kisha akageuka, akammwagia Geng maji yote, kuanzia kofia hadi viatu.

Watalii wakalipuka kwa makofi na vigelegele.

"Na hivyo ndivyo wakwe wa Datong walivyokaribishana tangu enzi za wafalme!" kikasema kipaza sauti.

Mwanamke mmoja mwenye simu mkononi akamvuta Suping mkono wa koti. "Bibi, hebu mmwagie tena. Nilichelewa kurekodi."

Suping akaitupa ndoo, akageuka aingie ndani na kubamiza mlango, kama alivyozoea kufanya kila alipokasirika mahali hapa. Mbele yake palikuwa na friji ya aiskrimu.