Meli ya Kwanza Baada ya Marufuku

Mitambo ya barafu ya kiwanda cha samaki ilipozimwa, ukimya ulioingia mtaani ulikuwa mzito kiasi kwamba msusi alisikia kitana kikipenya nywele za mteja wake. Serikali ilikuwa imefunga bahari ili samaki wazaliane.

"Mimi na samaki wapi na wapi?" alimwambia mdogo wake, mkata minofu kiwandani.

Kumbe! Wateja walipungua, kisha wakakatika kabisa. Jirani yake, fundi wa magurudumu, akawa anashinda amelala juu ya matairi. Mama wa chai akazima jiko. Msusi naye akafungasha vioo vyake, akaazimia kuhamia bara kwa wakwe zake.

Asubuhi ya safari, mdogo wake alimshika mkono. "Dada, meli ya kwanza inaingia leo. Njoo utazame, kisha uende zako."

"Nitaachwa na basi."

"Basi lipi? Dereva mwenyewe yuko gatini!"

Kweli alikuwepo, shingo ameinyoosha kama wengine. Meli ilikuwa imezama karibu hadi ukingoni kwa uzito. Kifuniko cha ngama, tumbo la meli lenye shehena, kilipoinuliwa, umati uliguna kwa pamoja. Samaki waliteremka kwenye mfereji wa chuma kama fedha iliyoyeyushwa, wala hawakuonekana kuisha. Ndipo mitambo ya barafu ikaunguruma, na msusi akaihisi sakafu ya gati ikitetema hadi magotini. Malori yakawaka. Fundi wa magurudumu akapita mbio, jeki begani, hata salamu hakuikumbuka.

"Wanakwenda wapi samaki wote hawa?" msusi aliuliza.

"Wengine sokoni. Wengine nchi ambazo mimi na wewe hatuzijui hata kwa jina," mdogo wake alisema akivaa buti. "Na wodi uliyojifungulia, dada, ilijengwa kwa ushuru wao."

Msusi aliugeukia tena mfereji. Miaka yote alikuwa akiishi juu ya mgongo wa kitu kikubwa namna hii, akidhani amesimama kwa miguu yake mwenyewe.

Samaki mmoja aliteleza kutoka kwenye kreti, akaanguka mbele yake. Alimwinua kwa mikono miwili: baridi, mzito, jicho bado angavu.

"Huyu ni wa nani?" aliuliza.

Sauti yake ilimezwa na ngurumo. Akabaki amesimama pale, amemkumbatia, asijue ampe nani.