Shahada ya Juu ya Duka la Vitambaa

Dona Hermínia, mwenye shule, hakuwa mtu wa salamu ndefu. Aliingia ofisini kwa Nalva, akabwaga rundo la maombi ya kazi mezani na kusema, "Nataka mwalimu wa darasa la pili kabla muhula haujaanza. Wale waliosoma mtandaoni nisiwaone hata kwa dawa."

"Sawa, Dona Hermínia," Nalva akajibu.

Jina lake kamili lilikuwa Marinalva Pantoja, mratibu wa madarasa ya chini katika shule ya binafsi pale Santarém, mji wa kando ya mto. Wazazi walimpenda. Mwenye shule alimwamini kiasi cha kumwachia funguo zote. Kitu kimoja tu hakuna aliyekijua: shahada yake ya ualimu aliipata mtandaoni. Aliisomea jikoni, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, alfajiri kabla wanawe hawajaamka, na mitihani akaifanya Jumamosi kwenye chumba cha kukodi juu ya duka la vitambaa. Cheti kilipotoka hakikutaja jiko wala simu. Kilitaja chuo tu, na chuo hicho kina majengo makubwa Belém, jiji kuu la jimbo, mbali na Santarém.

Siku alipoajiriwa, Dona Hermínia alikitazama kile cheti akamuuliza, "Belém ulipaonaje?"

"Joto," Nalva alisema.

Hakudanganya. Belém aliwahi kufika mara moja, wakati wa maandamano ya kidini ya Círio, akakanyagwa miguu katika umati kutwa nzima. Lakini neno lile moja lilizaa mengine. Walimu wenzake walimuuliza alipanga mtaa gani, na kama kweli supu ya tacacá ya kule ni tamu kuliko ya hapa. Alijibu nusunusu, kisha akatafuta sababu ya kutoka nje. Miaka ilipita hivyo, roho juu juu, na mtu akitaja Belém kwenye chumba cha walimu yeye huinuka kwenda kunywa maji.

Sasa aliyachambua yale maombi akiwa amesimama, maana kukaa kulimshinda. Alifungua dirisha, akalifunga, akawasha feni, akaizima kwa sababu ilipeperusha karatasi. Wengi walikuwa wametaja chuo tu bila kusema walisomaje, kama yeye. Kisha akafika kwa mmoja ambaye hakuficha. *Cleidiane Lobato, Juruti. Shahada ya ualimu, kwa njia ya mtandao.* Ameandika wazi, bila wasiwasi.

Nalva alimfahamu. Walikaa meza moja juu ya duka la vitambaa. Cleidiane alikuwa akilala kwenye meli kutoka Juruti, anashuka bandarini asubuhi na wavu wake wa kulalia begani, anaingia kwenye mtihani nywele zikiwa bado zimevurugika, na bado anawashinda wote.

Akamweka upande wa waliokataliwa. Akaenda kunywa kahawa, akarudi, akamtoa. Akamrudisha tena. Mwisho akampigia simu kabla moyo haujageuka.

"Nalva? Wee! Nalva aliyekuwa anajipepea na karatasi ya mtihani?"

"Ndiye mimi, dada. Sikiliza. Uje Jumanne ufundishe somo moja, mwenye shule atakutazama. Ila ukiulizwa ulisoma wapi, taja jina la chuo, uishie hapo."

"Kwani kuna nini?"

"Hapendi watu wa mtandaoni."

"Sasa wewe uliingiaje?"

Nalva akasema laini ni mbovu, akakata.

Jumanne ilifika na joto la kuchemsha mtu. Dona Hermínia alikaa nyuma ya darasa, mikono kifuani, Nalva kando yake. Cleidiane alianza vibaya. Aliandika neno kimakosa ubaoni, na watoto wakacheka. "Haya, nani ameliona kosa?" akauliza, naye akacheka pamoja nao. Hapo darasa likawa lake. Akawauliza maji ya mto yakipanda nyumbani kwa bibi zao hufika wapi, na kila mtoto akataka kuonyesha kwa mwili wake: magotini, kiunoni, mpaka kwenye ngazi ya tatu. Kutoka hapo wakaanza kupima, kulinganisha, kutoa, bila kugundua kwamba wanafanya hesabu. Dona Hermínia akashusha mikono.

"Huyu ndiye," alimnong'oneza Nalva. "Umempata wapi huyu?"

Ofisini, Dona Hermínia alimkaribisha mgeni maji ya baridi na juisi ya tunda la cupuaçu. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo kwake ni nadra. Alikuwa hajausoma wasifu wake; kazi hiyo humwachia Nalva.

"Umesomea wapi, mwanangu?"

Cleidiane akataja jina la chuo.

"Kumbe! Kama Nalva wetu. Basi Belém mmekutana?"

Cleidiane alimtazama Nalva kwa kitambo, wala si kwa ukali. Kisha akamgeukia mwenye shule. "Hapana, Dona. Mimi nilisoma mtandaoni, nikiwa kwetu Juruti. Nilikuja hapa mjini kufanya mitihani tu."

Jina la Nalva hakulitaja.

Tabasamu la Dona Hermínia lilizimika polepole. "Ahaa. Basi asante, tutakupigia." Na kila mtu mle ndani alijua hakuna atakayepiga.

Mlango ulipofungwa, mwenye shule akageuka. "Huyu amekupitaje wewe? Nilikwambia nini?"

"Ulimwona anavyofundisha."

"Nilimwona. Na yule mwalimu mwingine wa mtandaoni naye tulimwona! Umemsahau? Kazi zake zote za chuo alifanyiwa na binamu yake, hapa akashindwa kuwaeleza watoto nusu ni nini. Wazazi walinijia juu mpaka nikajificha msalani. Mtu anakaa nyumbani na simu, utajuaje ni yeye aliyesoma?"

"Wakati wa ugonjwa ule, shule zilipofungwa, sisi wenyewe tulifundisha kwa simu, Dona. Tuliwaambia wazazi kwamba watoto wanasoma sawasawa."

"Ile ilikuwa dharura. Usinichanganye."

Nalva angeweza kuishia pale. Alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye kitasa. Lakini miguu ilikataa, na maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

"Na mimi pia."

"Na wewe pia nini?"

"Na mimi nilisoma mtandaoni. Hapahapa mjini, juu ya duka la vitambaa. Tulikaa meza moja na yeye."

Dona Hermínia alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki. "Acha utani wako."

"Sitanii."

"Nilikuuliza kuhusu Belém!"

"Uliniuliza nilipaonaje. Nikasema joto."

"Marinalva!" Mama yule aliketi kwa kishindo. "Miaka yote hii unanizungusha? Mimi ninayekusifu mbele ya wazazi?"

"Ulinisifu kwa kazi, au kwa Belém?"

Aliambiwa atoke nje, naye akatoka, akazunguka uwanja wa michezo chini ya jua kali, akingoja kuitwa afukuzwe. Akili yake ilishafika mbali: shule gani nyingine aombe, mumewe atasemaje, wazazi watasemaje. Hakuitwa.

Hakufukuzwa kabisa. Kilichofuata kilimchosha zaidi. Mwalimu aliyechukuliwa alikuwa kijana aliyesoma chuoni, kwenye majengo yenyewe, mpole, si mbaya. Na Dona Hermínia, ambaye kwa miaka alitia sahihi mipango ya masomo ya Nalva bila kuisoma, sasa aliisoma neno kwa neno. Aliingia kwenye vikao vyake na wazazi na kuketi pembeni. Aliuliza, "Hili umelitoa kitabu gani?" Nalva alikuwa akifanya kazi ileile, kwa mkono uleule, lakini kila karatasi ilirudi na alama ya kuuliza. Nyumbani alikuwa anaosha sahani safi. Mumewe, Odivaldo, akamwambia, "Wee mwanamke, kaa chini, unanizungusha kichwa."

Baadaye yule kijana akapata kazi Manaus na kuaga ghafla. Dona Hermínia alikuja mlangoni kwa Nalva, safari hii bila kuingia.

"Yule wa Juruti, bado anatafuta?"

Nalva akapiga simu palepale, mwenye shule akisikiliza.

"Nimeshapata, dada," Cleidiane akasema, na nyuma yake zilisikika kelele za watoto. "Shule ya manispaa, hukuhuku kwetu. Walitutahini wote sawa, aliyefaulu akachukuliwa. Mwambie Dona nashukuru. Juisi yake ilikuwa tamu."

Nalva akaupeleka ujumbe ulivyo, pamoja na juisi. Dona Hermínia alikunja midomo.

"Haya. Tafuta wengine. Waliosoma mtandaoni walete, ila uwawekee alama niwajue."

"Siwawekei alama," Nalva akasema. "Nitakuletea walimu. Kaa nyuma ya darasa uwatazame, halafu ndipo uniulize walikosoma."

"Umeanza kuwa mjeuri."

"Labda."

Dona Hermínia akasema, "Nitawatazama Jumatatu basi, asubuhi, kabla joto halijazidi," akaenda zake. Nalva akalivuta rundo jipya. Alilisoma lote akiwa amesimama.