Kitaa cha Chini ya Ngazi

Mkubwa alikuwa na kichwa kigumu, na hilo mtaa mzima wa Mkunazini ukilijua. Ukimwambia mlango huu unafungukia ndani, yeye atauvuta nje mpaka bawaba zitoke. Alipostaafu ukarani wa bandarini, mwaka sabini na mbili, watu walidhani atakaa barazani acheze bao na wanaume wenziwe. Wapi! Alikwenda kujifungia na sanduku la kuchezea watoto.

Sanduku lenyewe lilitoka kwa mwanawe wa pekee, Hasan, aliyekuwa baharia huko Ujerumani. Alimpa mwenzake wa melini, Borafya, awaletee wazee. Ndani mlikuwa na nyaya, swichi, vijipande vya umeme vyenye michirizi ya rangi, na kitaa kimoja tu, kidogo kama punje ya dengu, cha namna mpya ambayo mtaani hakuna aliyewahi kuiona. Hakikuwa na uzi ndani kama globu ya tochi, wala hakikupata moto. Kikiwaka, kilitoa wekundu wa kaa linalokaribia kuzimika, basi. Borafya alicheka sana. "Mzee, mwanga huu hata panya hautomwonesha njia."

Lakini Mkubwa hakukitaka kwa ajili ya njia. Alikitaka kwa ajili ya mkewe, Bi Kazija, ambaye macho yake yalikuwa yanaingia ukungu mwaka wa pili sasa. Daktari wa hospitali alimvuta Mkubwa pembeni akamwambia kwamba mfungo tatu, mwezi wa maulidi, atakuja bingwa wa macho kutoka nje, kupasua watu. Ila hampasui asiyeona mwanga kabisa. "Maadamu anauona, hata uwe mdogo vipi, mlete," alisema. "Siku atapokuwa hauoni tena, usijisumbue, mzee wangu."

Basi Mkubwa akajitungia dawa yake. Jicho, alisema, ni kama mguu, usipolitembeza linakufa ganzi. Kila baada ya sala ya alasiri alimkalisha mkewe kwenye stoo ya chini ya ngazi, penye giza hata mchana, akakishika kile kitaa mbele ya uso wake na kubonyeza swichi. Tak.

"Mama Hasan, waona?"

"Nnaona."

"Kimewaka au kimezimika?"

"Kimewaka."

Tak.

"Na sasa?"

"Kimezimika."

Hakukosea hata siku moja. Mkubwa alitoka stooni kifua mbele, akaenda jikoni kutia chai mwenyewe huku akiimba, na sauti yake, Mungu amsamehe, haikuwa ya kuimbia watu.

Siku zilivyokwenda akaanza kumwona mkewe anachelewa kujibu. Hofu ikamwingia. Si macho, alijiambia, ni kitaa. Na kweli kitaa kilikuwa kimefifia, kwa sababu mawe ya tochi, betri zake, yalikuwa hayapatikani. Madukani rafu tupu, ukiuliza unaambiwa urudi Jumatatu, na Jumatatu unaambiwa hivyo hivyo. Watu walikuwa wakianika mawe makuukuu juani yapate roho kidogo. Mkubwa naye aliyaanika yake juu ya paa, karibu na dagaa wa jirani yao, Bi Hija. Yalishuka na harufu ya dagaa na nguvu ya kuazima.

Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kijerumani, kwake sawa na maandishi ya majini. Akawa anajaribu tu, leo hiki, kesho kile. Akagundua kwamba kati ya mawe na kitaa kuna kijipande chenye michirizi kinachouzuia umeme usipite wote. Akakiita breki. Akitia breki nyepesi, kitaa kinazidi kung'aa. Akitia nyepesi zaidi, kinazidi tena. Mwishoe, kwa yale mawe machovu, akaitoa breki kabisa na kuunga waya kwa waya. Hapo kitaa kikapata uso wa maana.

"Leo vipi?" akauliza.

"Leo kinapendeza," akasema Bi Kazija.

Zikabaki siku chache bingwa afike. Alasiri moja Bi Hija akabisha hodi. Nduguye katoka Dar es Salaam, kamletea mawe mapya, bado yanang'ara.

"Shemegi, chukua haya. Haya si ya kuanika na dagaa wangu."

Mkubwa alitaka kumpigia magoti. Akayatia kwenye kitaa chake pale pale mlangoni. Ile breki aliyoitoa? Haikumpitia hata akilini! Mtu akifurahi, akili huiweka wapi, jamani?

Akamshika mkewe mkono wakaingia stooni. Tak.

Kitaa kilipiga mwanga mmoja mkali, uso wa Bi Kazija ukaonekana wote, mwekundu, mpaka kope zake. Halafu giza. Kimeungua.

Mkubwa alifungua kinywa amwambie. Mkewe akamtangulia.

"Kimewaka," akasema, kwa sauti changamfu. "Tena leo ndio kinang'aa, Baba Hasan. Mashaallah."

Kidole kikabonyeza chenyewe. Tak.

"Sasa kimezimika," akasema Bi Kazija.

Akabonyeza tena, tak, na kitaa kikabaki kimekufa mkononi mwake.

"Kimewaka."

Ilikuwa swichi. Muda wote ule mkewe alikuwa akiisikiliza swichi. Mkubwa akakaa chini sakafuni, kati ya ungo na mitungi, akalia kwa sauti. Bi Kazija akapapasa gizani mpaka akakipata kichwa chake.

"Nini tena, mume wangu?"

"Kimeungua, Kazija. Hakiwaki. Wewe waniambia kinang'aa."

Bi Kazija akaupapasa mtungi, akausogeza pembeni. Kisha akakaa naye chini.

"Kwa nini hukunambia?" akauliza Mkubwa.

"Ukitoka humu nakusikia unaimba jikoni. Tangu macho yangu yaanze kuingia ukungu ulikuwa hujaimba. Nikasema, acha, nimbakishie furaha hiyo, aje huyo daktari aiondoe yeye."

Nje, Bi Hija akapiga kelele kutoka barazani kwake. "Shemegi! Mawe yanafaa?"

Mkubwa akajifuta machozi kwa mkono wa kanzu.

"Yanafaa, dada!" akaitikia Bi Kazija. "Ahsante sana!"

Kisha akanyoosha mkono, akakitafuta kitaa katika kiganja cha mumewe, akakichukua. Akakigeuza kwa ncha za vidole, taratibu, akakipitisha shavuni.

"Kumbe kidogo hivi," akasema. "Hiki ndicho alichotuletea Hasan?"

"Ndicho."

"Kilikuwa na rangi gani?"

Hapo Mkubwa akafahamu kwamba mkewe hakupata kukiona, hata ile siku ya kwanza.

"Chekundu," akasema. Na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa, akaongeza, "Chekundu, mke wangu. Kama mdomo wako ukila tambuu."