Vifaranga wa Mwalimu Margwe

"Wanadamu wote wa Mkoa wa Manyara, mkoa mchanga usiotimiza hata miaka miwili, mnatangaziwa kwamba leo saa nne kamili, mbele ya macho yenu, kiumbe atapata fahamu."

Tangazo hilo, lililobandikwa kwenye mlango wa maabara, lilitiwa sahihi na Efrazia wa kidato cha tatu, Katibu Mkuu wa Klabu ya Sayansi. Klabu ilikuwa na wanachama watatu. Wanadamu waliofika walikuwa kumi na mmoja, na kiumbe mwenyewe alikuwa kifaranga wa samaki asiyezidi punje ya mtama.

Mayai yaliletwa na rafiki wa Mwalimu Margwe wa chuo kikuu, ndani ya chupa ya chai. Mwalimu aliyaweka kwenye boksi la mbao lenye balbu, maana Mbulu ya mwezi wa saba si mahali pa kuzalia samaki wa nchi za joto. Alipowaeleza wanafunzi, sauti yake ililainika kama ya baba harusini.

"Ngozi ya kifaranga huyu ni kioo, unamwona mpaka ndani. Seli ya neva huchipua mgongoni, ikatuma uzi kuitafuta ngozi. Ikiifikia, ngozi huilisha, nayo huishi. Isipoifikia, hufa njaa. Zinazoishi ndizo zinazomwambia samaki: umeguswa, kimbia!"

"Kama Efrazia na kengele ya chakula," alisema Bura kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Kwa mujibu wa kitabu, siku ya pili kifaranga akiguswa mkiani huruka. Asiporuka, Sista Gaudensia, mkuu wa shule, alikwisha sema: samaki watamwagwa, na boksi watapewa vifaranga wa kuku, ambao angalau wanaliwa.

Asubuhi ile, kabla ya watu kufika, Mwalimu aliwagusa vifaranga wote kumi na saba kwa unywele. Hakuna aliyetikisika.

"Neva zimekufa," alinong'ona, akavua miwani na kuifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

Efrazia, aliyesimama kando yake, alijua zimechelewa tu. Kwa siku mbili alikuwa akianika soksi zake mbichi ndani ya boksi, na kila mara aliuacha mlango wa boksi wazi ili mvuke utoke. Baridi ya Mbulu haibishi hodi. Samaki waliopaswa kukua siku mbili walikuwa wamekua moja. Lakini kusema hivyo kungemfanya asugue masufuria ya jikoni hadi likizo. Basi akachagua njia ya heshima, yaani udanganyifu.

Saa nne alikaa kwenye meza ya hadubini, goti chini ya kitambaa cha meza. Mwalimu alipomgusa kifaranga, goti liligonga meza, maji ya kisahani yakatikisika, samaki akasogea.

"Ameruka!" Mwalimu alimkumbatia Bura, ambaye hakuwa amefanya lolote.

Sista akaingia. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina!"

Aliinama kwenye hadubini, unywele mkononi. Efrazia aliuvizia mkono ule kama paka anayevizia panya. Goti likagonga.

"Mwalimu," alisema Sista bila kuinua kichwa, "samaki wako ni nabii."

"Kwa nini, Sista?"

"Amekimbia, na mimi sijamgusa bado. Efrazia mwanangu, hebu simama kule dirishani." Akagusa mara moja, mara mbili, mara tatu. "Hasikii kitu. Mwaga, Mwalimu."

Mwalimu Margwe aliinua kisahani kwa mikono miwili na kuelekea kwenye sinki, polepole kama mtu aliyebeba maiti.

"Usimwage!" Sauti ilimtoka Efrazia bila kumwomba ruhusa. "Sista, goti lilikuwa langu! Na baridi ni yangu pia. Nilianika soksi kwenye boksi, mlango wazi. Hawajafa, wamechelewa tu. Wape siku moja, nitasugua masufuria yote."

"Soksi? Lini?"

"Jana na juzi, Sista."

"Na leo?"

Efrazia alitazama vidole vyake vya miguu, vilivyokuwa vitupu ndani ya kandambili.

"Leo bado zimo, Sista."