Meza ya Mzee Samson

Jumapili mchana Euphrasie alikuwa akifuta meza ya mzee Samson, kitambaa kimelowa maji ya ndimu, alipoona kwamba mkono wake haufiki mwisho. Alisogea kidogo, akamalizia. Wiki iliyotangulia hakuwa na haja ya kusogea.

Mzee Samson alikuwa Mmarekani aliyemfuata mkewe hadi Wembley, London, akamzika huko, akabaki. Moyo wake ulikuwa umechoka. Euphrasie, mama wa Kikongo kutoka Uvira, ndiye aliyemwogesha na kumpikia. Keren, binti wa pekee wa mzee, alikuja kila Jumapili kutoka Tooting. Mzee alikuwa amebakiwa na haja moja tu, wala hakuificha: siku ya kufa kwake, binti yake awe amemshika mkono.

Uchaguzi wa kwao Marekani ulikuwa umewafanya baba na binti wasisemezane muda mrefu, kwa hiyo walipopatana waliapa wasizungumze siasa. Hawakutaja chama wala rais. Hawakuhitaji. Mzee alikaa mezani na kofia yake ya chepeo kichwani, akanywa kahawa nyeusi ya kopo. Meza ikarefuka kidole. Keren alivua viatu mlangoni, akatoa mkobani chupa yake ya maji na maziwa ya oti, ya nafaka si ya ng'ombe. Meza ikarefuka tena. Mzee aliombea chakula kwa sauti, macho kayafumba, na Keren akasubiri akitazama dirishani. Nyama ya mzee ilikaangwa hadi ikawa kama soli, naye akaizamisha kwenye sosi ya nyanya. Keren aliuliza kuku wake alifugwa wapi. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Kuhusu maziwa ya oti hawakusema kitu.

Majira ya kuchipua meza ilipenya ukuta ikaingia kwa jirani. Jirani huyo, Pravin, Mhindi wa Kisumu mwenye duka la mboga, alimsimamisha Euphrasie barabarani.

"Mama, meza yenu imeingia jikoni yangu. Sasa bibi yangu Nishma atapika wapi?"

"Papa Pravin, unisamehe. Ni meza ya Bamerika. Inarefukaka tu, kila mara banakula."

"Na itasimama lini?"

"Ya kwetu haikusimamaka."

Alisema kweli. Kule Uvira meza ya baba yake ilirefuka kwa sababu ya uhasama wa wafugaji wanywao maziwa na wavuvi walao samaki, hadi shangazi yake, aliyekaa mwisho, akajikuta ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Burundi. Hawakumwona tena. Euphrasie alimpenda sana shangazi huyo, na bado humlilia.

Pravin alipanga nyanya na bamia zake juu ya kipande kilichomwangukia, maana nafasi ni nafasi. Kufikia Septemba Keren hakushukia tena stesheni ya Wembley Central. Kiti chake kilikuwa karibu zaidi na Wembley Park. Euphrasie alimpelekea sahani yake kwa basi. Baba na binti walisalimiana kwa kupungiana mikono, baadaye kwa simu.

Mzee alipoanza kupumua kwa shida, Euphrasie alimwonea huruma. Alisonga ugali, akapika sombe ya majani ya muhogo, akapakua yote kwenye sinia moja mbele ya mzee. Kisha akachukua beseni la maji. Kwao, walionawa maji mamoja hula pamoja, na hakuna awezaye kukaa mbali na sinia lake. Alimnawisha Keren kwanza, akalirudisha beseni kwa basi bila kumwaga tone, akamnawisha mzee.

Meza ikafupika. Keren alikuja akiwa kitini pake, akaupita uwanja wa mpira, akazipita bamia za Pravin, akatokea ukutani. Sasa sinia lilikuwa kati yao.

"Baba, umekonda."

"Na wewe umekuja," alisema mzee. Akatanua kiganja chake kando ya sinia.

Keren alitazama maji ya beseni, yaliyokuwa yameingia rangi ya kijivu. Kisha, kwa mazoea tu, alitoa mkobani kichupa cha dawa ya kutakasa mikono, akajipaka. Mazoea yana taabu. Mzee aliguna puani, kama alivyozoea kuguna tangu mwaka wa barakoa, akaivuta kofia yake chini.

Meza ilifyatuka. Keren alirudi ukutani akiwa amenyoosha mkono. Sauti yake ilisikika jikoni kwa Pravin, halafu mbali, halafu kwenye simu.

"Mshike mkono," alisema akilia. "Tafadhali."

"Nimemshika," alisema Euphrasie.

Mzee aliutazama mkono uliomshika, akaona kwamba siwo, akafa.

Baada ya mazishi meza haikufupika. Jumapili Keren alishuka Wembley Park kama kawaida, akavua viatu, akaketi. Alikuwa ameomba kikombe cha baba yake kiwekwe mahali pake, na Euphrasie alikimiminia kahawa nyeusi ya kopo, akaiweka kofia kando yake. Aliporudi kutoka jikoni kikombe kilikuwa kitupu. Kule mwisho Keren alifungua maziwa yake ya oti.

Pravin aliona nyanya zake zikisogea kidole kimoja kuelekea Wembley Park. Akazirudisha.