Taa Nyeupe za Sauti

Mtu aliyepita kwa miguu kwenye mtaa ule wa Ibra, Omani, baada ya sala ya Isha, wiki ile ya Siku ya Taifa, angedhani nyumba ya Mzee Suud imeingiwa na mashetani. Taa nyekundu, nyeupe na kijani, zilizotandazwa ukutani kutoka juu ya dari, lile paa bapa la sakafu, mpaka mlangoni, zilikuwa zikicheza. Zinaruka, zinakimbizana, zinatulia, zinaanza tena. Na mtaa kimya. Hakuna ngoma wala udi, ila maji ya mfereji wa falaji tu yakipita chini ya mitende.

Lakini mwenye gari akisimama, akafungua redio na kuisogeza mpaka karibu na mwisho wa FM, hapo ndipo siri ilipomfungukia. Muziki wote ulikuwa mule ndani ya gari yake. Ngoma ikipiga, taa nyekundu zinaruka. Fidla zikilia, za kijani zinatetemeka. Mwimbaji akifungua kinywa, nyeupe zinavuta pumzi pamoja naye.

Kazi ile ilikuwa ya Muntasir, mtoto wa Mzee Suud, kijana wa miaka ishirini na nne, fundi umeme, mwenye shingo isiyojua kuinama. Alitaka kuweka spika barazani. Baba yake akamkatalia, kwa kuwa nyumba yao imegusana ukuta na msikiti.

"Ukileta spika hapa," alisema Mzee Suud, "utazila wewe na nyaya zake."

Ndipo rafiki yake Marzouq alipomletea kutoka Dubai kimtambo kidogo cha kurushia sauti kwenye redio ya gari. Muntasir akakiongezea waya wa shaba mpaka juu ya dari, sauti ikafika mwisho wa mtaa. Mwezi ule Idi na Siku ya Taifa zilifuatana, na Ibra nzima ilikuwa imejipamba. Yeye akawa anapita huku akisema, "Wengine wametundika taa. Mimi zangu nimezifundisha kusikia."

Majivuno hayo yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni Hiba.

Hiba alikuwa akisomesha katika skuli ambayo Muntasir alikwenda kutengeneza feni zake. Alimkuta juu ya ngazi akinong'ona peke yake, akamuuliza kama anasoma dua asianguke. Muntasir akajibu kwamba anahesabu mizani ya shairi.

"Basi nisomee," alisema Hiba.

"Shairi langu halisomwi kwenye korido."

Hiba akacheka. "Haya, bwana mkubwa. Siku utakayolisoma, niambie nije."

Tangu hapo Muntasir hakulala vizuri. Alimtuma mama yake, Bi Shukriya, aliyezaliwa Tabora, kwenda kuposa. Nyumba ile aliyekuwa na neno ni bibi yake Hiba, Bi Ghalia, mzaliwa wa Unguja mjini, aliyeondoka kule na sanduku moja na mtoto mgongoni. Bi Ghalia alimmiminia mgeni kahawa, akamsogezea halwa, halafu akampa na lake.

"Bi Shukriya, nyinyi watu wa Tabora nawajua kwa asali. Asali yenu nzuri, sisemi. Lakini nasikia mwanao anatunga, na shairi ni letu sisi wa pwani. Mwambie mwanao asijisumbue. Hatukukatai, wala hatujakubali. Kuna jamaa zetu wa Aija, kule Sur, nao wanakuja Ijumaa kwa neno hilohilo. Tutamsikiliza mtoto mwenyewe anasemaje."

Bi Shukriya alipoyarudisha maneno hayo nyumbani, Muntasir alisikia moja tu, lile la asali. Likamchoma. Akaapa kwamba kabla ya Ijumaa Hiba atalisikia shairi lake, na atalisikia mahali ambapo hakuna mtu wa pwani atakayeweza kumziba kinywa.

Kulikuwa na desturi ambayo wazee walikuja nayo kutoka Unguja. Kwenye taarabu, mwanamke akiguswa na ubeti huinuka akaenda kumtunza mwimbaji kwa pesa au maua, na akishatunza, maneno yale yamekuwa yake. Kila mtu anajua ni yeye aliyeambiwa. Wiki ile mtaani desturi ilipata mlango mpya. Watu wamo ndani ya magari, hawawezi kuinuka, basi anayeguswa humwambia dereva awashe taa kubwa za mbele mara moja. Hiyo ndiyo tunzo.

Muntasir akamtuma dada yake, Tamima, ampelekee Hiba habari: Jumanne baada ya Isha aje asikie. Akiliona shairi ni lake, taa ziwake.

Jumanne ilipofika, Muntasir alikaa juu ya dari, maikrofoni mkononi. Akaiona gari nyeupe ya Wadhah, kaka yake Hiba, ikiingia mtaani polepole na kusimama chini ya mlimau. Nyuma walikaa wanawake wawili, haonekani nani ni nani. Alikuwa karibu nao kiasi cha kuweza kuwarushia tende, na hakuwa na ruhusa ya kuwaambia hata masalkheri. Akaukata muziki. Nyekundu zikazimika, kijani zikazimika. Akaanza kusoma, na nyumba nzima ikabaki nyeupe, ikipanda na kushuka kwa sauti yake.

*Nyumba naiona taa, mlango sioni njia,*
*Barazani nimekaa, sauti nasubiria,*
*Jina lako limejaa, kinywa limenizibia,*
*Nipe neno la kufaa, au mkono pungia.*

Kabla hajavuta pumzi, taa za gari nyeupe ziliwaka. Ukuta wa ng'ambo ukang'aa, kisha giza likarudi. Muntasir alikaa pale darini na maikrofoni mapajani, akicheka peke yake kama mtu aliyeokota pete yake baharini.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake la Ibra, ambako mwanamume haingii na habari haikosekani. Tamima alirudi adhuhuri na mfuko wa ubani, akamkuta kaka yake sebuleni na Marzouq wakila tende.

"Muntasir," alisema, "aliyewashisha taa jana si Hiba. Ni Bi Ghalia."

"Bi Ghalia alikuwemo?"

"Alikuwemo. Alilia, wallahi. Alimpiga Wadhah begani, washa, washa. Na leo soko zima anawaambia shairi ni lake, kaimbiwa yeye na nyumba yake ya Unguja."

Marzouq aliitema kokwa ya tende. "Mabruk, bwana harusi. Mahari tupeleke dhahabu au dawa ya magoti?"

"Nyamaza wewe."

"Nanyamaza. Lakini usije ukanialika mimi kumbeba biharusi."

"Na Hiba?" aliuliza Muntasir. "Hiba alisema nini?"

"Angesema nini? Bibi yake kashatunza. Na yeye anyooshe mkono, agombee ubeti na mzee wake?" Tamima akamtazama Marzouq, akashusha sauti. "Wewe leo washa tu. Usiniulize kwa nini, nimeapishwa."

Lakini Muntasir alikuwa keshafura. Shairi alilolihangaikia tangu Shaaban limechukuliwa na yule yule aliyesema watu wa bara kazi yao asali, na sasa linatangazwa sokoni pamoja na vitunguu. Ubeti wa pili aliokuwa ameutayarisha aliukunja moyoni. "Sichezeshi taa kwa ajili ya vikongwe," alisema. Akapanda juu, akachomoa waya.

Jioni ile nyumba ya Mzee Suud peke yake ilikuwa kiza katika mtaa mzima. Magari yalikuja, yakangoja, yakaondoka. Baada ya Isha ikaja gari ya Wadhah, ikasimama palepale chini ya mlimau. Muntasir aliiona kutoka darini. Akajua bibi amekuja kudai shairi lake, akakunja mikono kifuani. Gari ikangoja. Taa zake za mbele zikawaka mara moja, kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Muntasir hakusogea. Zikawaka tena. Waya ulikuwa karibu na mguu wake. Angeweza kuuchomeka bila ya kuinuka. Gari ikageuka taratibu, ikaondoka.

Tamima alimwambia Alkhamisi asubuhi, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, hakutaka kuingia.

"Jana nani alikuwa ndani ya gari, unajua?"

"Kikongwe chenu."

"Hiba. Na Wadhah tu, basi. Bi Ghalia mwenyewe ndiye aliyemtuma. Alimwambia, mimi la kwanza nimeshalichukua, mwanangu, lilinizidi nguvu. Kesho nenda wewe peke yako ukachukue la pili. Akasema kijana yule anajua. Yaani kakusifu, Muntasir. Bi Ghalia."

Muntasir alikaa kitandani.

"Alikuja kukupa jawabu," Tamima akaendelea. "Mimi kaniapisha nisiseme, kwa sababu msichana hatangulizi habari zake. Na wewe ukamkalisha kizani kama mwombaji."

Kabla ya adhuhuri Bi Shukriya alikwishavaa buibui na kwenda kwa kina Hiba. Alirudi upesi kuliko kahawa inavyoruhusu. Akavua ukaya wa kichwani, akaukunja vizuri mno, akasema, "Nimemwona Hiba mwenyewe. Kanibusu mkono, kaniuliza afya. Kasema, mama, mwambie Muntasir nilibisha hodi mara mbili. Mimi nishajibiwa."

"Hukumweleza?"

"Nimemweleza. Nawe ungeelezwa, ungesikia?"

Muntasir alimjua Hiba kwa maneno machache tu, lakini shingo ile aliijua, kwani yeye anayo kama hiyo.

Ijumaa, Siku ya Taifa yenyewe, bendera zilipepea mpaka kwenye vijigari vya watoto. Alasiri magari matatu kutoka Aija yalipita barabara kuu kwenda kwa kina Hiba. Mpaka Magharibi yalikuwa hayajaondoka. Habari haikuhitaji kuletwa. Vigelegele vilisikika kutoka ng'ambo ya mitende, na Tamima alifunga dirisha bila ya kuambiwa.

Baada ya Isha Muntasir alipanda darini, akachomeka waya. Nyumba ikawaka. Mtaa ulikuwa umejaa magari, watoto wametoa vichwa madirishani. Akawapigia muziki wa ngoma, wakafurahi. Macho yake yalikuwa kwenye mlimau. Pale chini hakuna aliyesimama, kana kwamba watu wamepaachia kwa heshima.

Halafu gari ya Wadhah ikaja. Nyuma palikuwa na mtu mmoja. Mlango ukafunguliwa, akashuka Bi Ghalia, akakokota miguu mpaka barazani. Muntasir aliteremka mbio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usinisimamie kichwani, kaa."

Akakaa. Bibi akatoa kitu ndani ya kanga, akamwekea kiganjani. Kilikuwa kikuba cha asumini na rehani, kimesukwa kwa mkono mwepesi, maua yamekwishakuwa ya rangi ya chai.

"Hiki si changu," alisema. "Alikisuka Jumatano. Alitaka kushuka garini akutunze kwa mkono, kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Jana alikitupa. Nimekiokota."

Muntasir alikishika kwa vidole viwili. Rehani ilikuwa bado inanukia kidogo.

"Hakuna njia, bibi?"

"Keshatoa neno lake mbele ya wanaume. Ungekuwa wewe, ungelirudisha?"

Muntasir akainamisha kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwona hivyo.

"Panda juu," alisema Bi Ghalia. "Mimi la kwangu nisomee. Nyumba ile naiona kila siku nikifumba macho, taa zinawaka mpaka jikoni, na mlango siujui tena uko wapi. Halafu na hilo la kwake lisome. Lisilale na wewe, litakuua."

Bibi akarudi garini, naye akapanda. Akaukata muziki, nyumba ikawa nyeupe, akamsomea Bi Ghalia ubeti wake. Taa za gari ziliwaka kabla hajamaliza. Kisha akakiweka kikuba juu ya kimtambo. Ule ubeti wa pili wa Jumatano ulikuwa wa furaha, hakuutaka tena. Akasoma alioupata jioni ile, dirisha likiwa limefungwa.

*Kama ni kiburi changu, taa kilichozizima,*
*Nawasha na roho yangu, hata kama umehama,*
*Japo kwa mlango wangu, pita kidogo simama,*
*Ujue ni kosa langu, si wewe uliyegoma.*

Gari moja ikawasha, ikafuata nyingine, na nyingine, mpaka mwisho wa barabara. Kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumkumbuka. Muntasir alizitazama zote. Gari nyeupe chini ya mlimau haikuwasha. Bi Ghalia alikaa ndani ya kiza na mikono mapajani, kwa sababu ubeti ule haukuwa wake, na mwenyewe hakuwepo.